Njia ya Mududu ndani ya Buku ya Mawe

Kisangani, tarehe 2 mwezi wa tano, 2000

Kwa Tonton Séverin, muvuvi mukubwa wa Isangi (wanavyosema watu wa Isangi; sisi huku kwenye maporomoko tunacheka),

Salamu nyingi. Salamu pia kwa Tantine Pétronille, njo yeye anakusomea hii barua. Tantine, usiruke maneno. Najua Tonton anapenda usome mbio mbio kama mutu anayefukuza kuku, lakini leo ni mambo ya polisi.

Ndiyo Tonton, polisi. Mutoto wa marehemu kaka yako, ule uliyesema hatafika mahali sababu aliacha masomo mwaka wa ine, leo iko mupelelezi. Na sikuacha masomo. Masomo njo iliniacha.

Bon. Papa Ignace wamemukamata, ule munande (kabila la kule mashariki) wa duka la sabuni na chumvi, mwenye alinipa kazi. Jana wasoda wa Komanda, ule mukubwa wa jeshi linaloshika mji, walikuja na gari yao ya camionnette, wakamutoa mbele ya wateja, kiatu kimoja mguuni, kingine kikabaki ndani ya chumvi. Sababu: Buku ya Mawe imepotea.

Tantine, wewe haujafika dukani, basi nakuelezea. Toka wasoda walipora maktaba za mji huu, wamama wa sokoni wanafungia karanga na mikate ndani ya kurasa. Papa Ignace ni mufanyabiashara, lakini Mungu alimutia ugonjwa mumoja: hawezi kuona buku inapasuliwa akanyamaza. Kila asubuhi anapita kwa wamama, anawapa sabuni, wanamupa mabuku. Mimi njo ninayapanga kule nyuma, ninayakausha juani, ninayashona kwa uzi wa nyavu. Nisipokuwa mimi, hekima yote ya Kisangani ingekuwa imeliwa na karanga.

Mwezi wa tatu mama mumoja wa soko la Tshopo alituletea daftari nene, jalada la ngozi nyeusi, chini ya kikapu cha majani ya pondu. Padri wa zamani aliyeishi kwetu kwenye maporomoko aliiandika kwa mukono, mwaka 1912. Kila jiwe la mto iko na jina lake humo, na chini ya jina, familia yenye haki ya kusimamisha nguzo pale na kutundika vikapu vya kunasa samaki. Iko moja tu duniani. Kwa nyuma kuko kurasa nyeupe nyingi, sababu padri alikufa kabla ya kumaliza mawe yote.

Habari ikafika kwa Komanda. Komanda hana shida na mawe, lakini anamujua mundele mumoja wa Ulaya anayenunua vitabu vya zamani. Akamuahidi hii. Akatuachia tuishone vizuri, mundele atakuja na ndege mwisho wa mwezi. Sasa buku hakuna. Komanda amesema: "Ignace, tarehe 31 nione buku. La sivyo, samaki watakuona wewe."

Donc unaelewa. Nisipoipata ile buku, Papa Ignace anakufa.

Iko na binti, Kyakimwa. Nilimukuta analia. Nikamwambia, "Kyaki, usilie, niko." Akanijibu, "Njo sababu ninalia." Unaona mapendo.

Sasa sikiliza akili yangu. Mwizi hakuchukua yote. Ukurasa mumoja mweupe wa mwisho ulikuwa umetoka, niliuweka chini ya jiwe la kusagia ukauke. Ninao hapa. Iko na tundu la mududu lililopinda kama ndoano. Mududu wa mabuku hachagui ukurasa: anatoboa toka jalada mpaka jalada. Kwa hiyo kila karatasi ya buku ile iko na ndoano pale pale, kona ya juu, vidole viwili toka pembeni. Mutu aniletee karatasi, hata ya kufungia karanga, nitaiweka juu ya hii yangu, nitainua juani. Mwanga ukipita, ni ndugu. Hii hawafundishi hata mwaka wa sita! Mukiona karatasi kama hiyo soko la Isangi, muniandikie haraka.

Na wewe Tonton, nisaidie. Jumamosi ile buku ilipotea ulipita dukani na samaki zako. Nilikuonyesha mimi mwenyewe, nikakuambia kama humo kuko jina la mwenye Kichwa cha Kiboko, jiwe letu, na kama siku moja buku itamunyamazisha Alphonse anayesema ni jiwe la babu yake. Ukasema mabuku ni chakula cha mchwa. Ukaomba maji ya kunywa. Niliporudi na maji ulikuwa umeshaenda, pirogue ya Mama Berthe, ule mutumbwi wa watu na barua, haingoji mutu. Pale mlangoni ulimuona nani?

Mimi, Guelord, mukubwa wa upelelezi wa Tshopo nzima (ofisi: nyuma ya magunia ya chumvi)


Isangi, tarehe 7 mwezi wa tano, 2000

Guelord,

Salamu. Mimi ninasema, Pétronille anaandika. Tuko wazima. Samaki ni kidogo, na hiyo kidogo wasoda wanakula.

Nimesikia juu ya Ignace. Pole yake. Ni mutu mwema, alituletea chumvi kwenye matanga ya baba yako.

Umeuliza nani nilimuona. Nilimuona Alphonse. Alisimama kando ya mlango na kikapu kilichofunikwa majani. Hakunisalimia. Familia ile inatuchukia toka siku za babu. Sasa fikiri na ile akili unajisifu nayo: nani anaogopa buku ya mawe? Ni mutu mwenye jina lake halimo. Mimi sisemi zaidi.

Lakini wewe usijitie mbele ya Komanda. Kuko watu wakubwa wa kusema. Wewe lala na vikapu vya Kichwa cha Kiboko, na maji yakishuka kaza kamba za nguzo. Jiwe bila mutu linachukuliwa.

Karatasi hapa Isangi hakuna, ndiyo maana barua ni fupi.

Tonton wako, Séverin

Mimi Pétronille naongeza neno langu. Macho yako ni mabovu toka utoto. Barua hii uisome nje, penye jua. Jirani Kasongo ameisoma kwa sauti kabla hatujaifunga, na Tonton wako amekubali kila neno.


Kisangani, tarehe 12 mwezi wa tano, 2000

Tonton na Tantine,

Macho mabovu? Tantine, mimi niliona punje ya kahawa ikianguka ng'ambo ya mto! Barua yenu nimeisoma ndani ya duka, kati ya magunia, na niliielewa mara moja. Kisha nikaifungia karanga za kukaanga nikamupelekea Kyakimwa, ili akimaliza kula asome mwenyewe kama kesi iko karibu kwisha. Mutu mwingine angepeleka maua.

Nilienda kumuhoji Alphonse. Nilimukuta juu ya mwamba, anasuka kikapu.

"Alphonse, Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

"Na wewe ulikuwa unanyonya wapi?"

"Mimi niko mupelelezi."

"Wewe uko makamasi."

"Kuko mutu alikuona kwa mlango wa Papa Ignace na kikapu kilichofunikwa."

Akaacha kusuka. "Nilipita. Ninapita kila siku, ninauza samaki. Ulitaka nizibebe kichwani bila kufunika, inzi wale? Nani alisema?"

"Siri ya kazi."

"Sikia, mutoto. Ile buku, kama iko kweli, mutu wa kwanza anayetaka ifunguliwe ni mimi. Ifunguliwe hapa, juu ya mwamba, watu wote wasikie. Nitaiiba kwa nini?"

Nikaandika moyoni: mushitakiwa anajitetea sana.

Muke wake, Ursule, alikuwa chini anapanga samaki. Akanicheka: "Guelord, ukipata mwizi, utafute na ndevu zako, nazo zimepotea." Watu wote wakacheka, hata wale watoto wa kuogelea. Mimi, Tonton, sipendi kuchekwa mbele ya watoto.

Uliniambia nisijitie mbele ya Komanda. Lakini watu wakubwa uliosema wako wapi? Wote wanajificha. Nikaenda mwenyewe kwa lango. Nilisema jina moja tu. Jina moja, na mulinzi akasimama wima kama mimi niko jenerali! Mutu aliandika, mwingine akaniletea kiti. Maisha yangu yote hakuna ofisi iliyonipa kiti.

Walimuchukua Alphonse mchana ule ule, kutoka juu ya nguzo, kamba ya kikapu bado mukononi. Ursule hakulia. Aliniangalia tu, na hakusema kitu juu ya ndevu.

Buku hawajaipata kwake. Watamuuliza vizuri, mulinzi alisema. Papa Ignace bado hajatoka. Kyakimwa anamupelekea chakula, wanapokea sahani lakini hawamuonyeshi baba yake. Aliniuliza, "Na kama si Alphonse?" Nikamwambia mupelelezi akiwa na shaka anakosa usingizi. Akasema, "Wewe umelala?" Nimelala, mbona.

Zimebaki siku kumi na tisa.

Mimi, Guelord, mutu anayepewa kiti


Isangi, tarehe 17 mwezi wa tano, 2000

Guelord,

Umefanya kazi ya mwanaume. Sikukutuma, lakini umefanya. Baba yako angefurahi.

Kama hawajaipata kwa Alphonse, ameitupa majini. Basi. Mutu aliyetupa kitu majini atalipa yeye. Ignace watamuachilia, ni mufanyabiashara, Komanda anahitaji chumvi kama watu wote.

Sasa nyamaza. Usiulize tena, usiandike tena juu ya buku. Barua zinapita mikononi mwa watu. Angalia jiwe letu.

Tonton wako, Séverin

Mimi Pétronille naongeza. Nimesikitika kama ile barua ya kwanza ilifungiwa karanga. Hii karatasi ni nzuri, nakuomba uitunze. Na uisome penye jua kama nilivyokuambia, wewe ambaye unajua karatasi kuliko sisi wote.


Kisangani, tarehe 23 mwezi wa tano, 2000

Tantine Pétronille,

Hii ni yako peke yako. Kama Tonton iko karibu, mwambie Guelord anaomba kamba za msituni, kisha usome ukiwa kwa mto.

Jumapili asubuhi nilienda kuinua vikapu vya Kichwa cha Kiboko. Kikapu cha pili kilikuwa kizito. Niliita wenzangu, nikawaambia, "Leo mutaniita Papa, nimepata samaki ya kulisha parokia." Walikuja watatu kunisaidia kuvuta. Wasoda walikuwa wamemutupa upande wa juu wa mto, maji yakamuleta mpaka kwetu.

Nilimujua kwa kamba. Ile ya kikapu, bado ilikuwa mukononi mwake.

Sitaandika zaidi ya hapo. Ursule alikuja, tukamuweka mume wake juu ya mwamba. Alimufuta uso na kitambaa chake. Tantine, ningependa angenipiga.

Jumatatu Mama Berthe alileta barua yenu. "Umefanya kazi ya mwanaume." Sikuweza kukaa ndani ya duka, hewa ilikuwa ndogo. Nikatoka nje, nikaisoma nimesimama barabarani, watu wa toleka, zile baiskeli za kubeba watu, wananipigia kengele nitoke njiani. Nikafika kwa maneno yako ya chini. Penye jua. Nikaangalia mukono wangu. Juu ya kidole gumba kulikuwa alama ndogo ya mwanga, imepinda kama ndoano.

Nilikimbia kuchukua ule ukurasa wangu. Nikaweka moja juu ya nyingine. Mwanga ulipita.

Kyakimwa alinikuta pale. Alikimbia kwao, akarudi na ile barua ya kwanza, ina mafuta ya karanga kote. Hakuitupa. Alisema, "Ulikuwa umeandikiwa jina la mutu humo. Mutu hatupi jina la mutu." Tukaiweka ya tatu. Ndoano juu ya ndoano juu ya ndoano.

Nilingoja ile furaha ya mupelelezi. Haikukuja.

Wewe ulinionyesha toka tarehe saba. Ningesoma juani siku ile, singeenda kwa lango. Alphonse angekuwa anasuka kikapu leo na ananiita makamasi. Lakini mimi nilifungia karanga.

Tantine, buku iko wapi? Tonton aliifanya nini? Sitaki kujua mengine. Kama bado iko, tuma. Zimebaki siku nane, na Kyakimwa jana walimurudishia sahani imejaa.

Guelord


Isangi, tarehe 27 mwezi wa tano, 2000

Mwanangu Guelord,

Barua hii hakuna aliyeisoma kwa sauti. Naiandika kwa Kiswahili cha masista walionifundisha, na Kasongo hayupo nyuma yangu.

Kitabu kipo. Mama Berthe anakuletea ndani ya kikapu cha samaki wa kukausha, chini kabisa, kimefungwa kwa majani. Hajui anabeba nini, wala usimwambie.

Sasa sikia yote, maana una haki. Siku ile baba yako mdogo, huyu tunayemwita Tonton, alirudi kutoka Kisangani na kitabu ndani ya shati. Aliniambia: nisomee Kichwa cha Kiboko. Nikatafuta, nikakisoma. Ukurasa wa hamsini na tatu. Utauona mwenyewe. Jiwe si letu. Lilikuwa la babu yake Alphonse. Babu yenu aliliazima msimu mmoja tu, kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa na alikosa mahali pa kuvua. Msimu ulipokwisha hakurudisha. Padri aliandika jambo hilo kwa sababu mwenye jiwe alikwenda kwake kulalamika.

Séverin hakushangaa. Baba yake alimwambia kabla ya kufa, kumbe. Alijua. Alichukua kitabu kwa sababu wewe ulimwambia jina limo ndani, na yeye hajui kusoma, hakujua ni ukurasa upi wa kurarua.

Alitaka kukitupa mtoni. Alishuka mara mbili mpaka majini, akarudi nacho. Ninyi watu wa maporomoko hamwezi kutupa majina ya wenye mawe ndani ya maji, mnaona ni kuwazamisha wafu mara ya pili. Basi akakiweka juu ya moto wa samaki, darini, kwenye moshi.

Barua yako ya kwanza ilipofika, nilimsomea yote isipokuwa habari ya mdudu. Pale niliruka. Ulinikataza kuruka maneno, nami niliruka yale tu. Kisha nikamwambia: karatasi hatuna, nitaandikia nini? Akapanda mwenyewe darini, akararua kurasa za nyuma, zile nyeupe. Alisema, "Hizi hazina kitu." Alifikiri karatasi isiyoandikwa haiwezi kumsema mtu.

Utaniuliza kwa nini sikukuandikia wazi. Kasongo alikuwa akikagua kila mstari. Na mimi niliogopa. Niliogopa kupigwa, niliogopa kufukuzwa, nikasema mtoto ana akili, ataona. Nilipoandika jina la Alphonse mkono wangu ulijua ni uongo, na uliandika. Usibebe peke yako. Wewe ulilitamka, yeye alilitunga, mimi nililiandika.

Aliporudi kutoka mtoni jana, nilimsomea barua yako, hata sehemu ya kikapu. Yote. Alikwenda kukaa kwenye pirogue iliyofungwa, na bado amekaa. Sasa hivi nachukua kitabu.

Peleka kwa Komanda. Mtoe Papa Ignace.

Tantine wako, Pétronille


Kisangani, tarehe 20 mwezi wa sita, 2000

Tantine,

Mama Berthe alisema Tonton alikufukuza na sasa uko kwa masista. Ninaandika huko. Barua hii utasikia imechelewa, lakini unajua yaliyotupata hapa: majeshi mawili ya wageni yalipigana siku sita juu ya vichwa vyetu, kama sisi hatuko.

Naanza mwanzo. Buku ilifika tarehe 30. Nilikaa nayo nyuma ya chumvi mchana mzima na Kyakimwa. Nilijua kama ikiingia kwa Komanda haitatoka, itaenda Ulaya, na Ursule hataona kamwe kilichoandikwa. Nikataka kurarua ukurasa wa hamsini na tatu. Kyakimwa akanishika mukono: "Zile za nyuma hazina namba, hii iko nayo. Akihesabu? Akiona alama ya kurarua? Baba yangu iko kule ndani." Akaniambia, "Nakili."

Karatasi? Nilikuwa na barua za Tonton. Kwa nyuma ni nyeupe. Nikanakili humo, neno kwa neno, hata alama ambazo sizijui, na Kyakimwa akawa ananisahihisha: "Hiyo ni n, si u, mukubwa wa upelelezi." Njo mara ya mwisho mutu aliniita hivyo. Imeandikwa: Kichwa cha Kiboko, nguzo tatu, vikapu viwili. Mwenye jiwe Bolamba. Ameazima Lomata msimu mmoja, kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Lomata hajarudisha. Mtoto alipona.

Mtoto alipona, Tantine. Ule mutoto njo baba ya baba yangu. Kama si jiwe lile, mimi sijazaliwa.

Kesho yake tulienda wawili kwa lango. Mulinzi ule ule. Safari hii kiti nilikataa. Komanda aliifungua kichwa chini miguu juu, akanusa. "Kwa nini inanuka samaki?" Nikasema, "Mukubwa, ni buku ya wavuvi." Akacheka sana, akawaita wenzake wanuse. Kisha akasema, "Muleteni yule munande."

Papa Ignace alitoka anatembea kama mutu anayetafuta ngazi ambayo hakuna. Sikio moja halisikii. Kyakimwa alimuvalisha kile kiatu kilichobaki ndani ya chumvi, tulikuwa tumekitunza. Neno lake la kwanza lilikuwa kwangu: "Yale mabuku mengine umeyageuza juani?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya. Toka Alphonse sikuwa nimegeuza hata moja.

Siku tano baadaye mabomu yakaanza. Tulilala chini ya kitanda cha Papa Ignace, watu kumi na moja, tukinywa maji ya mvua. Siku ya tatu duka lilipigwa. Chumvi ilibaki, imekuwa nyeusi. Mabuku yote yalikwisha, yale yote tuliyoyatoa kwenye karanga. Komanda ameondoka na watu wake, hatujui wapi. Ile ndege ya mundele hakuna aliyeiona. Buku ya Mawe iko wapi sasa, hata mupelelezi wa kweli hawezi kusema. Juzi Papa Ignace alipita sokoni. Sabuni hana. Alisimama tu mbele ya mama wa karanga akimuangalia anavyopasua.

Nakala yangu haikuungua sababu nilikuwa nayo ndani ya shati, mahali pale pale Tonton aliweka buku yake.

Jumapili niliita familia zote juu ya mwamba, wale waliobaki. Nikasoma. Wakubwa wetu walikasirika, mumoja akasema nimeuza mifupa ya babu. Nikageuza karatasi, nikawaonyesha upande mwingine, maneno ya Tonton, jina la Alphonse. Nikasema: "Na mutu aliyepeleka jina hili kwa lango ni mimi. Si kwa sababu nilijua. Sababu walinicheka."

Maporomoko yalikuwa yanapiga kelele, lakini watu walisikia.

Ursule alikaa na mutoto wake katikati ya magoti. Nilingoja. Nilifikiri atalia, au atawaambia shemeji zake wanitupe majini, na singekataa. Aliuliza swali moja tu.

"Jiwe ni letu?"

"Njo lenu, Mama."

"Nani atasimamisha nguzo? Mume wangu mumemumaliza. Mutoto huyu iko na miaka sita."

Unajua kazi ile, maji yanavuta miguu, nguzo moja inataka wanaume watatu, na kila mwaka mto unachukua mumoja.

"Wewe," akaniambia. "Utasimamisha wewe. Kila maji yakishuka, mpaka mutoto huyu aweze. Samaki ni zetu. Ukianguka, umeanguka."

Nikakubali. Kyakimwa alikuwa kando, akanishikia shati.

Maji yameanza kushuka. Leo nimefunga nguzo ya kwanza. Mutoto wa Alphonse alikaa juu ya mwamba na kamba zote magotini mwake, mama yake njo amemupa kazi hiyo. Alikuwa ananiangalia muda murefu. Kisha akaniuliza:

"Ni wewe ulisema jina ya papa?"

Ningeweza kumwambia habari za Tonton, za buku, za mududu. Nikasema, "Ni mimi."

Kisha akanipitishia kamba.

Guelord